Mnauliza, Tunajibu: Metali Mchanganyiko za Kijapani

Toleo lililopita tulichapisha picha za tsuba, yaani kinga za mkono zinazovishwa kwenye panga za Kijapani. Moja ilikuwa na korongo wa dhahabu na fedha juu ya bamba jeusi tii. Barua zimemiminika tangu hapo, nyingi zikitoka kwa masonara na wanagenzi wao. Zinazofanana tumeziunganisha, na ndefu tumezifupisha.

*

Wahariri, hamjambo. Ule weusi wa bamba ni rangi ya kupaka, ni moshi, au ni kuchovya kwa umeme? Na kwa nini korongo hakuwa mweusi naye?

Si kimojawapo kati ya hivyo. Bamba lile ni shakudo, aloi (metali mchanganyiko) ya shaba safi iliyotiwa dhahabu kiasi cha asilimia 3 hadi 5. Ikitoka tanurini, shakudo ni nyekundu kama shaba nyingine yoyote, na ukiweka vipande viwili mezani hutajua kipi kina dhahabu. Weusi huja mwisho kabisa, kazi inapochemshwa katika maji yenye chumvi za shaba. Uso wa metali hugeuka oksidi, utando mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Shaba tupu ikipata utando huo huwa kahawia yenye wekundu. Shakudo ina chembe za dhahabu, ndogo mno, zilizotapakaa ndani ya utando, nazo humeza mwanga. Ndiyo maana jicho huona weusi unaoelekea buluu au zambarau.

Dhahabu safi na fedha safi hazigusiki na maji hayo, kwa hiyo korongo alibaki na rangi yake. Shibuichi, ambayo ni shaba yenye fedha robo au zaidi, hutoka kijivu. Shaba nyeupe ya kawaida, ile yenye zinki, hutoka njano iliyofifia. Ipo pia kuromido, shaba yenye arseniki kama asilimia 1, nayo hutoka kahawia iliyokolea. Hiyo hatuishauri hata kidogo kwa karakana isiyo na mtambo wa kuvuta moshi, maana mvuke wa arseniki unaua.

Basi fundi wa Kijapani huviingiza vipande vyote katika sufuria moja kwa wakati mmoja, kila metali ikatoka na rangi yake. Likumbukeni hilo mnaposoma majibu yanayofuata, kwa sababu karibu kila kosa mlilotuandikia linatokana na kuisahau sufuria ile tangu mwanzo wa kazi.

*

Nimesubu shibuichi mara kadhaa na kila nikiipitisha kwenye mashine ya kubana mabamba inapasuka kingo. Vipimo ni robo fedha, robo tatu shaba. Nakosea wapi?

Vipimo ni sahihi. Kwa gramu 40 unahitaji shaba gramu 30 na fedha gramu 10. (Kwa waliouliza kuhusu shakudo: gramu 50 za asilimia 4 ni shaba gramu 48 na dhahabu gramu 2.) Angalia mambo haya kwa mpangilio huu.

La kwanza ni shaba yenyewe. Waya wa umeme uliovuliwa plastiki ni shaba nzuri, mradi usiwe na ncha zenye lehemu. Chembe ya risasi au bati ikiingia, aloi nzima itapasuka, na hakuna dawa ya kuitoa. Kata ncha zote, sugua waya mpaka ung'ae, ndipo uyeyushe.

La pili ni hewa. Shaba iliyoyeyuka hunywa oksijeni, kisha inapoganda huitapika kama vipovu. Yeyusha shaba kwanza ikiwa imefunikwa kwa unga wa mkaa na borakisi kidogo, itie fedha au dhahabu baada ya shaba kuwa majimaji kabisa, koroga kwa kijiti cha kaboni, usubu mara moja. Usiiache motoni ukienda kutafuta kalibu. Kalibu la chuma liwe kavu na limepashwa moto. Mafundi wa Japani wana njia yao ya zamani: hutandika kitambaa kizito kwenye fremu ndani ya beseni la maji moto, na kumimina metali humo chini ya maji. Mvuke huzuia kitambaa kisiungue, na bamba hutoka laini bila kuchubuka. Inafanya kazi vizuri kwa mikono iliyozoea. Kwa asiyezoea ni hatari, kwa hiyo anza na kalibu kavu.

La tatu, na pengine ndilo lako, ni moto wa kulainisha. Shibuichi si kitu kimoja ndani. Ni chembe zenye fedha nyingi zilizochangamana na chembe zenye shaba nyingi, na mchanganyiko wa shaba na fedha huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 779 za Selsiasi, chini kabisa ya kiwango cha fedha peke yake (962) au shaba peke yake (1085). Ukiipasha hadi ing'ae rangi ya chungwa, mipaka ya chembe imekwisha kulegea na bamba limeharibika bila wewe kujua. Lainisha kwa wekundu hafifu unaoonekana kivulini, kama nyuzi 600 hadi 650, acha wekundu upotee, ndipo uzamishe kwenye maji. Kingo zikionyesha mpasuko mdogo, zipige tupa mpaka mpasuko uishe kabla ya kuendelea. Ukiupuuza, utakimbia hadi katikati ya bamba.

Jambo moja zaidi ambalo hukuuliza. Kila ukiipasha shibuichi moto na kuiosha kwa tindikali, shaba ya juu huliwa na ngozi ya fedha nyeupe hubaki. Ngozi hiyo haipati ukijivu. Mwishoni ni lazima uisugue yote iondoke, la sivyo utachemsha saa nzima na kitu kitabaki cheupe chenye mabaka.

*

Tupeni kipimo cha maji ya kuchemshia. Nimejaribu, yakatoka madoadoa.

Jina lake ni niiro. Kwa lita 1 ya maji, tia gramu 4 za rokusho na gramu 4 za mrututu. Rokusho ni kutu ya kijani ya shaba inayotengenezwa kwa asidi ya siki, na huuzwa Japani ikiwa tayari. Mafundi wengine huongeza shabu kidogo, gramu 1 hivi, na kila karakana ina mkono wake, ila ukianzia hapo hutapotea. Tumia maji yaliyokenekwa, kwa maana maji ya bomba yana klorini. Chemsha mchanganyiko dakika 10, uache utulie, kisha uchuje kwa kitambaa au karatasi. Masimbi yasiyochujwa yakitua juu ya kazi huacha alama.

Sufuria iwe ya shaba au ya kioo kinachohimili moto, na kazi itundikwe kwa waya wa shaba au ilazwe kwenye kikapu cha waya wa shaba. Chuma kisiingie hata kwa bahati mbaya: koleo la chuma likigusa maji hayo, shaba hujitenga na kuganda juu yake, na maji yote huchafuka.

Sasa madoadoa. Kati ya kumi, tisa ni mafuta. Sugua kazi kwa msasa laini hadi namba 1200 au zaidi (Wajapani humalizia kwa mkaa laini wa mti na maji), kisha kwa unga wa mkaa au magadi ya kuokea uliolowekwa, kwa kidole au kitambaa safi. Suuza na utazame. Maji yakitandaa kama utando mmoja bila kujikunyata mahali, uso ni safi. Yakijikusanya kama matone juu ya jani la mgomba, rudia. Kuanzia hapo usiuguse kwa vidole vitupu.

Kazi isikauke kati ya kusafishwa na kuchemshwa. Hapo ndipo figili huingia. Fundi hukwangua figili nyeupe ya Kijapani, daikon, akaizamisha kazi katika rojo lake kwa muda mfupi, akaisuuza haraka na kuitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Rojo hulinda uso dhidi ya hewa, na rangi hushika sawasawa. Asiyekuwa na daikon na aipeleke kazi ikiwa imelowa kutoka kwenye maji safi moja kwa moja hadi sufuriani.

Maji yachemke kwa utulivu. Tikisa kazi kila mara ili vipovu visikae mahali pamoja, maana kipovu kilichotulia huacha duara jeupe. Dakika za mwanzo shaba na shakudo zitafanana, zote zikiwa na rangi ya chungwa. Usikate tamaa ukaitoa. Baada ya hapo shakudo hupita kwenye kahawia, ikawa zambarau, kisha ikazama kwenye weusi. Kwa kawaida dakika 20 hadi 40 hutosha. Rangi ikigoma au ikija kwa mabaka, toa, sugua tena kwa magadi, rudisha. Kurudia mara mbili tatu ni jambo la kawaida hata kwa mabingwa. Rangi ikikaa, suuza kwa maji safi ya moto, kausha kwa kitambaa laini bila kusugua, na kazi ikiwa bado na joto uipake nta nyembamba.

Chumvi hizi ni sumu. Sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe, vaa glavu na miwani, na maji yaliyochoka usiyamwage kwenye mtaro.

*

Shikamooni wataalamu. Mimi ni mwanagenzi. Nimetia njumu (nakshi ya kupachika) ya waya wa dhahabu kwenye bamba la shaba, lakini nikipiga tupa waya unanyanyuka na kuchomoka. Je, niulehemu?

Marahaba. Hapana, usiulehemu. Lehemu ya fedha haibadiliki rangi sufuriani, kwa hiyo mpaka wa njumu utaonekana kama mstari mweupe juu ya weusi. Lehemu ya risasi ni mbaya zaidi, maana huchafua maji na kuacha doa. Katika njumu ya Kijapani ya kulaza sawa na uso, hira-zogan, waya hushikwa na umbo la mfereji peke yake.

Mfereji wako bila shaka ni kama herufi V, au una kuta zilizosimama wima. Unatakiwa uwe mpana chini kuliko juu. Kazi hukazwa kwanza kwenye lami ya fundi, yaani utomvu wa msonobari uliochanganywa na unga wa mawe na mafuta kidogo, ili isichezecheze. Bamba liwe na unene wa milimita 1.5 angalau. Kwa waya wa duara wa milimita 0.7, chimba kwa tindo mfereji wenye upana wa milimita 0.6 na kina cha 0.5. Kisha chukua tindo yenye makali ya mshazari, iinamishe, ukate kuingia chini ya ukuta wa kushoto, halafu wa kulia. Ukifanya hivyo midomo ya mfereji hunyanyuka kidogo. Usiisawazishe! Midomo hiyo ndiyo itakayofunika waya.

Toa vumbi lote la shaba mferejini kwa brashi, kwani chembe moja ikibaki chini ya waya inatosha kuuinua. Waya uwe dhahabu safi iliyolainishwa kwa moto. Dhahabu ya karati 18 ni ngumu, haitajaza pembe za chini. Anza upande mmoja, gonga kwa kigongeo chenye uso bapa uliong'arishwa, songa mbele kidogo kidogo hadi mwisho. Ukianza katikati, au ukigonga ncha zote mbili kwanza, waya utajikunja katikati kwa kukosa pa kwenda. Ukisha kaa, gonga midomo ya mfereji ilale juu yake. Tupa laini ije mwisho, nayo ifuate urefu wa waya, isiukate kwa mapana.

Njumu iliyonyanyuka juu ya uso, taka-zogan, hufuata kanuni hiyohiyo. Kipande hukatwa, kikafuliwa kwa nyuma ili kipate tumbo, ukingo wake ukazamishwa kwenye mfereji uliochimbwa chini ya ukuta, na midomo ikafungwa juu yake.

*

Mokume-gane: nilipanga mabamba 15 ya shaba na fedha, nikayaunganisha kwenye tanuri, yakashikana. Nilipoanza kufua, yakaachana mawili. Kwa nini?

Kwa wasioijua: ni kuunganisha mabamba ya metali tofauti bila lehemu, kuyafua, kisha kuyachonga ili matabaka yajitokeze kama mistari ya mbao. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Shoami Denbei wa Akita, kaskazini mwa Japani, aliyeishi 1651 hadi 1728 na kutengeneza vifaa vya panga.

Mabamba mawili kuachana wakati kumi na tatu yameshikana ni dalili ya uchafu kati ya hayo mawili, si kasoro ya moto. Kila bamba lisuguliwe pande zote mbili, lipimwe kwa utando wa maji kama tulivyoeleza juu, lisuuzwe kwa spiriti na lipangwe kwa glavu. Bamba lililopinda pia huacha mfuko wa hewa, kwa hiyo yanyooshe kwanza.

Wengi hupuuza mbano. Mganda wa mabamba hukazwa kati ya vipande viwili vya chuma vyenye unene wa milimita 12 hivi, kwa bolti nne, huku chuma kikipakwa udongo mweupe ili kisishikane na metali. Chuma hutanuka kidogo kuliko shaba na fedha kikipashwa moto, kwa hiyo mbano huongezeka wenyewe kadiri joto linavyopanda. Bolti zikiwa nyembamba zitavutika, na mbano utapotea saa ile ile unayouhitaji. Fukia vyote ndani ya mkaa kwenye kisanduku cha chuma ili oksijeni iishe. Kwa shaba na fedha, panda hadi nyuzi 740 au 750, ukae hapo saa kadhaa. Mpaka wako ni 779 tuliyoitaja. Ukiuvuka, fedha na shaba zitayeyuka zinapogusana na mganda utamwagika. Wafuaji wa zamani hawakuwa na kipimajoto. Walitazama kingo za mganda motoni, na zilipoanza kung'aa kama zimelowa, waliutoa papo hapo.

Kufua kuna adabu yake. Mapigo ya kwanza yawe mganda ukiwa wa moto, mepesi, yakianzia katikati kwenda kingoni. Kabla ya pigo lolote la ubaridi, piga tupa kingo zote nne mpaka uone mistari ya matabaka ikiwa safi. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, uchonge uishe. Punguza unene kwa theluthi hivi, lainisha, endelea. Ukifika nusu ya unene wa mwanzo ndipo uchonge mchoro.

Mchoro hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchimba mashimo na mifereji juu, isiyozidi theluthi ya unene, kisha kubana hadi uso usawazike. Ya pili, ambayo kwa jicho letu hutoa mistari tulivu zaidi, ni kugonga vinundu kutoka nyuma na kupiga tupa vinundu hivyo upande wa mbele. Kila kinundu kilichokatwa hufungua matabaka kwa miduara, fedha ndani ya shaba ndani ya fedha. Ukitumia shakudo badala ya shaba, sufuria itakupa mistari myeusi na myeupe, na hapo ndipo kazi inapopendeza kweli. Shaba na fedha pekee baada ya niiro ni nzuri, ila huchosha macho mapema.

*

Na chuma je? Nimeona masanduku madogo meusi ya Kyoto yenye michoro ya dhahabu, nikaambiwa ni chuma.

Ni chuma kweli, na hicho hakiingii kwenye sufuria ya niiro. Ufundi wake ni nunome-zogan, na miji miwili inaongoza: Kyoto, na Kumamoto iliyoko kisiwa cha Kyushu, ambako huitwa Higo-zogan kwa jina la zamani la jimbo. Serikali ya Japani iliitambua Higo-zogan rasmi kuwa sanaa ya jadi mwaka 2003.

Uso wa chuma hukatwa kwa tindo mistari myembamba iliyosongamana, mistari kadhaa ndani ya milimita 1, kwanza wima, kisha kwa mlalo, kisha mshazari mara mbili. Unabaki uso kama msasa wa meno madogo yaliyosimama. Dhahabu au fedha iliyofuliwa nyembamba hukatwa umbo la mchoro, ikawekwa juu na kugongwa kwa kipande cha pembe ya paa, na meno huing'ata. Meno yaliyobaki wazi husawazishwa kwa kusuguliwa kwa chuma laini. Ikiwa mistari imekatwa kwa pigo dhaifu, meno huwa butu na dhahabu hubanduka kama ngozi ya kitunguu.

Kwenye kutia weusi ndipo miji hiyo inapoachana. Kumamoto hupaka maji ya kuleta kutu mara nyingi mpaka chuma kishike kutu laini, iliyo sawa kila mahali, kisha hukichemsha kwenye chai ya kijani. Tanini ya chai hugeuza kutu kuwa nyeusi na kuifanya isiendelee kula. Mwisho ni mafuta na joto kidogo. Kyoto hufunika uso kwa laka (vanishi ya utomvu wa mti), huiokea kwa moto, kisha husugua kwa mkaa mpaka dhahabu itokeze tena, ndipo nakshi ndogo huchongwa juu yake. Karakana ya Komai Otojiro (1842–1917) ndiyo iliyoipa kazi ya Kyoto sifa ng'ambo.

Kwa anayenunua: tumia lenzi inayokuza mara 10. Tazama pale dhahabu ilipochakaa. Ukiona mistari iliyopishana chini yake, ni kazi ya mkono. Ukiona chini ni laini kabisa, au mchoro wote umezama kwa kina kimoja chenye kingo za mviringo, basi umechongwa kwa tindikali na kuchovywa dhahabu kwa umeme. Vitu vya namna hiyo viliuzwa kwa wingi kwa watalii.

*

Panga zilipopigwa marufuku mafundi hawa walikula nini? Na wapo hadi leo?

Amri ya Machi 1876 ilikataza raia kubeba panga hadharani, na wateja waliokuwapo tangu siku za Goto Yujo, aliyeanzisha nasaba ya mafundi wa mashogun (watawala wa kijeshi wa Japani) karne ya 15, wakatoweka. Waliohimili ni wale waliobadilisha bidhaa bila kubadilisha mkono: vyetezo, majagi, masanduku, vifungo vya mifuko ya tumbaku, na kazi za maonyesho.

Kano Natsuo (1828–1898) ndiye mfano bora. Alianza kama fundi wa vifaa vya panga huko Kyoto, akachonga vielelezo vya sarafu mpya za serikali ya Meiji, iliyoshika nafasi ya mashogun, na mwaka 1890 akaanza kufundisha katika Shule ya Sanaa ya Tokyo. Unno Shomin (1844–1915) wa Mito alionyesha mwaka huohuo sanamu ya mchezaji wa ngoma ya kasri, Ranryo-o, ambayo ndani yake utakuta karibu kila metali tuliyoitaja hapa. Suzuki Chokichi alipeleka mwewe kumi na wawili kwenye maonyesho ya Chicago ya 1893, kila mmoja na mkao wake. Upande wa pili wa bahari, Edward C. Moore wa Tiffany, kampuni ya vito ya New York, alikuwa ameshaanza kubandika shaba na aloi za namna hii juu ya vyombo vya fedha, na kazi hizo zilipata tuzo Paris mwaka 1878.

Leo wapo, japo si wengi. Serikali ya Japani huwateua baadhi kuwa watunzaji wa ufundi, wanaojulikana kama Hazina Hai za Taifa. Nakagawa Mamoru wa Kanazawa aliteuliwa 2004 kwa uchongaji wa metali, na Tamagawa Norio wa Tsubame, mkoa wa Niigata, aliteuliwa 2010 kwa ufuaji. Huyu wa pili hufua chombo kizima kutoka kwenye bamba la mokume-gane, kazi ambayo mapigo ya nyundo yakikosewa kidogo hufungua matabaka.

*

Mteja anataka pete ya ndoa ya shakudo. Rangi itadumu?

Kwenye pete, haitadumu vizuri. Utando ni mwembamba, na msuguano wa mfuko wa suruali tu unatosha kuuondoa kingoni. Ukisisitiza, weka shakudo kwenye bonde lililozama, kingo mbili za dhahabu au fedha zikiwa juu yake kiasi cha milimita 0.3, na ndani kabisa tia ala ya dhahabu ili jasho lisikutane na shaba na kuacha kidole kijani. Mwambie mteja mapema kwamba itahitaji kuchemshwa tena. Hereni, kidani au bizimu ya mkanda zinafaa zaidi.

*

Nimerithi kisanduku cha Kijapani. Mtu wa nyumbani alikisugua kwa dawa ya kung'arisha shaba na mfuniko umekuwa mwekundu. Nikichemshe kwa maji yenu ya rokusho?

Usikichemshe. Kisanduku cha zamani kinaweza kuwa na bawaba za chuma, kiungo cha lehemu laini au mbao ndani, na vyote hivyo vitaharibika au kuyachafua maji. Vilevile huwezi kuchemsha mfuniko peke yake ukategemea weusi wake ulingane na pande ambazo hazikuguswa.

Osha mabaki ya dawa kwa pamba iliyoloweshwa kidogo kwa maji yaliyokenekwa, hasa kwenye mifereji ya nakshi, maana amonia iliyomo huendelea kula shaba. Kausha mara moja. Kisha kifunge kwenye karatasi isiyo na asidi, mbali na mpira, sufu na rangi mbichi, ambavyo hutoa gesi ya salfa inayotia fedha weusi. Usipake mafuta, maana mafuta ni ya chuma, na juu ya shakudo hukusanya vumbi tu. Mpelekee mhifadhi wa metali aamue. Mwonyeshe pia sehemu ya chini ya kisanduku, kwa kuwa rangi ya asili hubaki huko mara nyingi, na ndiyo atakayoilinganisha.